Mwongozo kamili: Jinsi ya kuzungumza na kijana balehe na mzazi wake kuhusu mambo ya siri

Wahudumu wa afya wengi huniletea lalamiko lilelile. Kijana kaingia na mama yake, kila swali linajibiwa na mama. Mama akitoka nje, kijana anajibu "hamna", "sijui", "kawaida tu". Wiki tatu baadaye anarudi na mimba ya miezi mitano, ambayo siku ile ilikuwepo tayari.

Nikiwauliza walianzaje mazungumzo, karibu kila mara nakuta maswali yao hayakuwa mabaya. Kilichoharibika ni mpangilio. Kijana aliulizwa mambo mazito kabla hajajua maneno yake yataishia kwa nani. Na mzazi alitolewa nje bila kuelezwa sababu, akarudi na hasira.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu au muuguzi anayemwona mgonjwa wa miaka 10 hadi 19, umri ambao Shirika la Afya Duniani linauita wa ujana balehe. Fuata hatua kwa mfululizo wake. Ukiruka ya pili, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kumwita mgonjwa

Ukurasa mmoja wa sheria za nchi yako. Andika majibu ya maswali manne: kijana anaweza kuridhia matibabu mwenyewe kuanzia umri gani, anaweza kupimwa VVU na kupewa uzazi wa mpango bila mzazi kuanzia umri gani, ngono na mwenye umri gani ni kosa la jinai, na ni mambo gani unalazimika kuyaripoti, kwa nani. Usitegemee kumbukumbu. Sheria hizi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi umri wa kupimwa VVU si ule wa kuridhia upasuaji.

Chumba chenye mlango unaofungika, na mahali pa kusubiri ambapo sauti haifiki. Pazia si mlango. Mzazi akikaa hatua mbili kutoka kwenye pazia, ni sawa na kuwa naye ndani.

Muda. Tenga dakika 30 kwa mara ya kwanza, na angalau 10 kati ya hizo ziwe za kijana peke yake. Ukiwa na dakika 15 tu, fupisha mazungumzo ya pamoja, usiguse yale ya faragha.

Mkalimani asiye ndugu, kama lugha haziingiliani. Dada mkubwa hafai, hata akiwa mwema kiasi gani.

Mhudumu wa pili wa kushuhudia uchunguzi wa mwili.

Orodha ya rufaa iliyohakikiwa: mshauri wa afya ya akili, huduma za waathirika wa ukatili wa kingono, ustawi wa jamii. Piga namba zote mwenyewe kabla hujazihitaji.

Jibu la swali hili: majibu ya vipimo yatamfikiaje? Kama mfumo wenu unatuma ujumbe kwenye simu ya mzazi, au bili inaorodhesha kila kipimo, siri imeshavuja kabla hujafungua mdomo. Zungumza na watu wa mapokezi, maabara na malipo mapema.

## Hatua ya 1: Msalimie kijana kwanza

Mwangalie yeye, msalimie kwa jina, kisha umgeukie mzazi. Swali la kwanza, "Kimekuleta nini leo?", lielekezwe kwake. Mzazi akijibu, msikilize amalize, halafu rudi kwa kijana: "Na wewe unalionaje?"

Usimwite "mtoto" mbele ya mzazi wake, wala usimzungumzie kana kwamba hayupo. "Huyu anakula vizuri?" ni swali linalomfungia kijana nje ya matibabu yake mwenyewe.

## Hatua ya 2: Eleza kanuni ya siri wote wakiwa chumbani

Hapa ndipo kazi ilipo. Sema maneno haya, au yanayofanana nayo, kabla mtu yeyote hajatoka:

"Mama, na wewe, nawaeleza ninavyofanya na kila mgonjwa wa umri huu. Tunaongea wote watatu kwanza, kisha naongea na kijana peke yake, kisha tunarudi pamoja. Atakayoniambia tukiwa wawili sitayatoa bila ruhusa yake, isipokuwa mambo matatu: maisha yake yakiwa hatarini, akitaka kumdhuru mtu mwingine, au kukiwa na mtu anayemuumiza au kumtumia vibaya. Hayo itabidi niwashirikishe wengine, na yeye nitamwambia kwanza."

Kama sheria ya nchi yako ina jambo la nne, liongeze hapohapo.

Kwa nini wakiwa pamoja? Kwa sababu kila mmoja anahitaji kumsikia mwenzake akiambiwa. Mzazi anajua kwamba maisha ya mwanawe yakiwa hatarini hatafichwa. Kijana anajua kwamba mzazi hakupewa maelezo mengine pembeni. Na maneno "kila mgonjwa wa umri huu" yanamwondolea kijana mashaka kwamba anashukiwa kitu.

Onyo. Usiseme kamwe "chochote utakachoniambia ni siri." Niliwahi kulisema hilo kwa binti wa miaka 15, nikiwa na nia njema kabisa. Dakika kumi baadaye aliniambia alichokuwa anafanyiwa na mtu mzima wa nyumbani kwao, na nikalazimika kuripoti. Nilifanya lililopasa kwa usalama wake, lakini yeye aliliona kama usaliti, na alikuwa na haki. Hakurudi kliniki. Tangu siku ile mipaka huitaja kabla ya ahadi.

Utajuaje umefanikiwa? Mwulize kijana: "Nikumbushe, ni mambo gani matatu sitaweza kukaa nayo?" Akiyataja kwa maneno yake mwenyewe, endelea. Asipoyataja, rudia.

## Hatua ya 3: Pokea hofu ya mzazi kabla ya kumwomba atoke

Mzazi anayegoma kutoka mara nyingi ana jambo ambalo hajapata nafasi ya kulisema. Mwulize: "Kabla hujatupisha, kuna kitu kinachokusumbua ambacho ungependa nisikisahau?" Andika anachosema, akuone ukiandika. Kisha mtoe kwa sababu iliyo ya kweli: "Miaka michache ijayo atakuwa anakuja kwa daktari peke yake. Leo anaanza kujifunza kujieleza."

Akiendelea kugoma, usigombane naye. Fanya yanayowezekana, panga tarehe ya karibu, na umweleze kwamba utaomba tena. Lakini ukiona dalili za ukatili, kwa mfano majeraha yasiyolingana na maelezo au kijana anayemtazama mzazi kabla ya kila jibu, faragha si ya kuombwa. Itafute, hata kama ni kwenye chumba cha kupimia uzito.

Epuka sentensi "kama hana cha kuficha, utaogopa nini?" Inawaumiza wote wawili.

## Hatua ya 4: Mkiwa wawili, anzia nje uingie ndani

Mlango ukifungwa, rudia kanuni ya siri kwa sentensi moja. Kisha anza na mambo ambayo hata mgeni angeweza kuuliza, ukisogea taratibu kuelekea ya ndani. Mpangilio unaotumika sana duniani, HEEADSSS (herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza), umejengwa hivyo: nyumbani, shule au kazi, ulaji, shughuli na marafiki, vilevi, ngono, huzuni na mawazo ya kujiua, usalama.

Maswali ya mwanzo hayapo kwa ajili ya kupoteza muda. Kijana aliyejibu mara nne bila kuhukumiwa ana sababu ya kujibu mara ya tano. Na majibu hayo yana uzito wake: anayelala kwa shangazi mwezi huu na kwa babu mwezi ujao ameshakueleza jambo kubwa. Mwanafunzi ambaye alama zake zimeporomoka ndani ya muhula mmoja, vilevile.

Uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. "Nyumbani mnaishi na nani? Ukiwa na tatizo, humwendea nani?" Weka kalamu chini unapoingia kwenye mambo ya ndani, kijana huona mkono ukikimbia kwenye faili na kuanza kuchuja anachosema. Utaandika baadaye.

Kimya nacho ni sehemu ya mazungumzo. Hesabu polepole hadi kumi kabla ya kukijaza.

## Hatua ya 5: Uliza mazito kwa maneno yanayoeleweka

Wenzangu wengi huteleza hapa kwa sababu ya adabu ya lugha. Tuna maneno mengi ya kufunika, na kila moja lina shimo lake.

"Tendo la ndoa." Binti asiye na mume atajibu "hapana", na atakuwa amesema kweli. "Umewahi kulala na mwanaume?" Wadogo hulielewa kama usingizi. "Kufanya mapenzi" humfungia nje aliyelazimishwa, maana kwake hapakuwa na mapenzi yoyote. "Mchezo mbaya" ni hukumu tayari. "Kujamiiana" linaeleweka darasani, si kwa kila mtu.

Mimi hufungua mlango kwanza, kisha nataja jambo lenyewe: "Vijana wa umri wako hutofautiana. Wengine wana mtu wanayempenda, wengine hawana haja hiyo bado, na wengine wameshaanza ngono. Kwako ikoje?" Akikubali, nafafanua: uume kuingia ukeni, mdomoni au sehemu ya haja kubwa, kwa sababu hatari zake na kinga zake si sawa. Viungo vitaje kwa majina yake. Ukiviita "kule" au "sehemu zile", unamfundisha kwamba hata daktari anaona aibu.

Usidhani jinsia ya mwenzi wake. "Mwenzako" linatosha. Halafu uliza mambo mawili yasiyorukwa: "Ana umri gani?" na "Ulitaka, au ilitokea bila wewe kutaka?" Waulize wavulana pia. Tunawauliza mara chache kuhusu kulazimishwa, na ndiyo maana tunasikia mara chache.

Uliza na kuhusu simu: kuna mtu ana picha zake za faragha, au anamtishia kuzisambaza?

Kuhusu vilevi, anza na mazingira yake: "Shuleni au mtaani kwenu kuna wanaokunywa pombe, kuvuta sigara au bangi? Na marafiki zako? Na wewe?" Ngazi hizi tatu humpa muda wa kukupima.

### Kuhusu kujiua

Wengi hukwepa swali hili wakiogopa kumpandia wazo. Utafiti umeonyesha kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na vijana wengi hupata nafuu kuona kuna mtu amethubutu. Uliza kwa ngazi, bila kufumbafumba:

"Kuna siku umetamani usiamke?" "Umewahi kufikiria kujiua?" "Umewahi kujaribu?" "Hata sasa hivi tukiongea, mawazo hayo yapo?"

Usiulize "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Umeshamjibia.

Akisema ndiyo kwa swali la mwisho, au ana mpango, ratiba ya siku imebadilika. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Mzazi au mtu mzima anayeaminika aelezwe leo. Dawa, sumu za wadudu na silaha zilizopo nyumbani ziondolewe au zifungiwe kabla hajarudi huko. Apate mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

### Saa zinazohesabika

Akieleza kwamba alibakwa, au alifanya ngono bila kinga, angalia saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5, lakini kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Usimwambie arudi Jumatatu.

Mafanikio ya hatua hii si lazima yawe maungamo. Kijana akikuuliza swali lake mwenyewe, hata la ajabu kiasi gani, mmefika.

## Hatua ya 6: Uchunguzi wa mwili

Mpime kwa sababu, si kwa desturi. Mweleze utagusa wapi na kwa nini, mwulize anataka nani awepo, na umwambie anaweza kusema "basi" wakati wowote. Akisema basi, acha hapohapo.

Mzazi akiomba umpime binti yake kama bado ni bikira, jibu ni hapana, na si kwa ukali. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Kizinda hutofautiana kati ya mtu na mtu, na umbo lake halionyeshi kama amewahi kufanya ngono. Mwambie hivyo, kisha mwulize: "Nini kimekutia wasiwasi?" Hofu iliyo nyuma ya ombi ndiyo ya kutibiwa.

## Hatua ya 7: Kubalianeni nini kitasemwa, na nani

Kabla ya kumwita mzazi, gawa mambo mafungu matatu pamoja na kijana: utakayoyasema wewe, atakayoyasema yeye, na yatakayobaki humu. Mtu anayeruka hatua hii hujikuta anamtazama kijana machoni mbele ya mzazi, akijaribu kukumbuka walikubaliana nini.

Majibu ya kipimo cha mimba, VVU au magonjwa ya zinaa apewe yeye kwanza, mkiwa wawili, akiwa amekaa. Mpe muda. Kisha mwulize: "Ukimwazia mama akisikia, unaona nini?" Akijibu "atalia", mnaweza kupanga. Akijibu "baba ataniua", usichukulie kuwa ni usemi tu. Mwulize anamaanisha nini, na kama aliwahi kupigwa.

Vijana wengi, wakisaidiwa, huchagua mzazi aambiwe. Wanachoshindwa ni sentensi ya kwanza. Ifanyieni mazoezi: yeye aseme, wewe uwe mama. Mara mbili au tatu zinatosha. Mwulize pia kama angependa wewe uanze na yeye amalizie.

Msisahau chupa ya vidonge. Itakaa wapi nyumbani? Akiulizwa ni ya nini, atajibu nini?

## Hatua ya 8: Mrudishe mzazi

Anza na jambo zuri ulilolibaini la kweli. Rudi kwenye ile hofu uliyoiandika katika hatua ya 3 na uijibu kadiri unavyoruhusiwa. Kisha yale mliyokubaliana.

Swali litakuja: "Daktari, niambie tu, ameshaanza wanaume?" Jibu lako liwe lilelile kwa kila mzazi, bila kujali ukweli ni upi: "Hilo ni la kumwuliza yeye, na ningekujibu hivi hivi hata kama hakuna kitu." Kishawishi kikubwa ni kusema "hapana, usijali" pale ambapo kweli hakuna kitu. Usifanye hivyo. Siku ukija kunyamaza, kimya chako kitakuwa jibu.

Usimwache mzazi mikono mitupu. Amebaki nje, ana hofu, na yeye ndiye atakayekuwa na kijana saa nne usiku. Mpe kazi: asikilize bila kukatiza, asimhoji njiani, amuulize kesho "ulionaje daktari?" badala ya "umemwambia nini?" Akianza kufoka, simama kati yao kwa sauti ya chini: "Mama, naona umeumia. Tukae kwanza."

Wakati huu unafaa pia kuzungumzia chanjo ya HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, ambayo hulenga hasa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Itaje kama kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, maana ndivyo ilivyo. Mzazi akisema mwanawe "bado hajaanza hayo", mwambie hiyo ndiyo sababu: hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya mtu kukutana na kirusi, na haimfanyi mtu aanze ngono mapema.

## Hatua ya 9: Siri inapobidi ivunjwe

Mwambie kijana kabla ya mtu mwingine yeyote: "Unakumbuka mambo matatu? Hili ni mojawapo. Siwezi kukaa nalo, lakini tunaweza kuamua pamoja litasemwaje." Mpe chaguo halisi: awepo au asubiri nje, aseme yeye au wewe, aanze kuambiwa mama au shangazi. Toa kinachohitajika kwa usalama wake tu. Kwamba ana mpenzi hakuhusiani na taarifa ya kwamba anajidhuru.

Onyo kubwa. Kama anayemdhuru yuko nyumbani, au hujui ni nani, usimwite mzazi kwanza. Piga simu kwa ustawi wa jamii au chombo kinachotajwa na sheria yako, na usimruhusu kijana aondoke kabla ya kujua atalala wapi.

## Hatua ya 10: Kuandika, na tarehe ya kurudi

Andika maneno yake kama alivyoyasema, ukitenganisha na maoni yako. Jua nani anaweza kuomba nakala ya faili. Kama mzazi anayo haki hiyo kisheria, weka mambo ya faragha kwenye sehemu yenye ulinzi ikiwa mfumo unayo. Mwulize kijana mtawasiliana vipi, na kama kuna mtu mwingine anayesoma simu yake.

Mpe tarehe ya karibu: siku chache kama huzuni ni nzito, wiki mbili hadi nne kwa mengine.

## Kijana akikataa kusema lolote

Hutokea, hata hatua zote zikifuatwa. Usimbane. Mpe karatasi na kalamu. Wapo wanaoandika wasichoweza kutamka. Akikataa na hiyo, mweleze kwa ufupi mambo ambayo vijana wengine huja kuyauliza na msaada uliopo kwa kila moja, bila kudai jibu: hedhi inayochelewa, kondomu iliyopasuka, usingizi uliopotea, mtu anayemshika asipotaka. Atasikia. Kisha mwandikie kwenye kikaratasi siku na saa unazokuwepo, na umwambie anaweza kuja na kusema tu, "Ulisema nirudi."